Chungu cha Nyongeza

Juzi nilikwenda Ujiji kwenye msiba wa ndugu. Tulipomaliza kuzika na kula ule wali wa matanga, ambao haunogi hata uungwe vipi, nikajipitisha mtaani kwetu. Nyumba ya bibi bado ipo, ila chumba chake cha mbele siku hizi ni duka lenye nondo dirishani. Nikanunua chupa ya mawese ya kuondoka nayo. Kijana wa dukani aliponikabidhi, mdomo wangu ukatangulia kabla akili haijafika: "Na nyongeza yangu?"

Kijana alinitazama, akaitazama chupa, akanitazama tena. Ilikuwa na kizibo chekundu, na utepe wa plastiki umezungushwa shingoni.

"Mama yangu," alisema akicheka, "hii imefungwa hukohuko inakotengenezwa. Hiyo nyongeza mimi nitaitoa wapi?"

Hakunikosea adabu. Nilicheka naye, nikalipa, nikatoka. Lakini nilipokaa kwenye baraza, baraza ileile ambayo sasa imepigwa vigae vya kuteleza, kicheko kiliniishia nikajikuta nalia. Mtu mzima mwenye wajukuu, nalia kwa sababu ya kijiko cha mawese. Kama una nafasi, rafiki yangu, kaa nikueleze. Si habari ndefu, na haina mahali pa kupongezana.

Bibi yangu alikuwa mpika mawese. Mama aliolewa Tabora akaniacha kwake nimsaidie kazi, na kazi zenyewe zilikuwepo. Wakulima walituletea mikungu ya chikichi kwa baiskeli, tukaifunika kwa magunia uani mpaka chikichi zilegee. Kuzichambua ilikuwa kazi yangu. Ule mkungu una miiba midogo inayoingia chini ya ukucha, na ukipiga kelele bibi anakuuliza kama unataka uletewe daktari kutoka Ulaya. Zikishachambuliwa zinachemshwa kwenye pipa, vijana wawili wa kulipwa wanazitwanga kwenye kinu kikubwa, zinakamuliwa, halafu ule urojo unarudi motoni mpaka mafuta yapande juu. Hapo bibi hakutaka mtu aseme neno. Aliinamisha kichwa kusikiliza, kwa sababu maji yakikauka ule mbubujiko hugeuka ukawa mnong'ono, na mafuta yakipitisha wakati huo kidogo tu yanaungua. Sijawahi kumwona akikosea.

Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye madaftari, kwenye ndoto. Doa la mawese halitoki, hata ufue mpaka nguo ichanike, na sare yangu ya shule ilikuwa na madoa ya rangi ya kutu tumboni kote. Mwalimu wetu wala hakuhangaika na jina langu. "Wewe wa mawese, simama." Nasimama. Darasa linacheka, na mimi nacheka nao, maana mchana nilikuwa naenda kula wali wa maharage yaliyoungwa kwa mawese mapya, na wao hawaendi kula hicho.

Bibi alikuwa na taratibu zake za biashara ambazo hakuzijadili na mtu. Vijana wa kinu walipimiwa mafuta yao kabla mteja hajapimiwa. Mafuta ya mwezi uliopita hayakuchanganywa na ya leo. Lakini lililojulikana mji mzima ni namna alivyouza pale barazani.

Wateja wake hawakusimama foleni. Vyombo ndivyo vilivyosimama. Ukifika unaweka chupa yako, au kibuyu, au bakuli, nyuma ya chombo ulichokikuta, kisha unakwenda kivulini kuamkiana na watu. Bibi alikaa kwenye kigoda na debe lake, akasema bismillahi, akapima chombo baada ya chombo kwa kikopo kilichopigiliwa mpini, bila kuuliza hiki cha nani. Chombo chako kikishajaa unasogea. Pembeni yake kulikuwa na mkeka umetandikwa, na kila mtu alipitisha mkono chini ya ule mkeka, akaacha alichoacha, akaondoka. Kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho. Mkono uliingia umefumbwa na ukatoka umefumbuliwa, na hakuna aliyejua kilichobaki kule chini. Bibi mwenyewe hakuangalia. Aliinua mkeka jioni tu, watu wakishatawanyika.

Halafu kuna nyongeza. Baada ya kipimo, bibi alichota kijiko kimoja cha mti akakuongezea, akagonga kijiko mara mbili kwenye mdomo wa chombo chako, ko, ko, ili tone la mwisho lisibaki kwake. Nyongeza ilikuwa haki ya kila mteja. Lakini pembeni mwa ukuta palikuwa na chungu cheusi, na mteja aliyejiona ana nafuu siku hiyo aliziba chombo chake kwa kiganja akasema, "Yangu weka chunguni." Bibi akamimina kule, akagonga, ko, ko, akaendelea. Jioni, mkeka ukionyesha kwamba kuna waliopitisha mkono mtupu, mafuta ya chunguni yalirudi kwenye debe kufidia. Wengi waliacha nyongeza zao, wachache walipitisha mkono mtupu, na biashara ikaenda. Bibi hakuliita jambo hilo sadaka wala msaada. Alisema ndiyo kuuza kwenyewe.

Basi, wakaja watu kutoka ng'ambo, wakikimbia vita kwao.

Ninyi mliosikia redioni mlisikia habari. Sisi tulisikia vyombo vya bati vikigongana alfajiri, watu wakishuka kutoka milimani wamejitwisha magodoro, mbuzi na vyerehani. Katonga, ufukweni mwa ziwa, nilipotumwa kununua samaki wa migebuka, mitumbwi ilifika imejaa watu, wanakaa kimya, na watoto wao hawalii. Hilo la watoto kutolia liliniogopesha kuliko kitu chochote. Darasa letu lilifungwa kwa sababu familia zilikuwa zinalala humo. Kipindupindu kikaingia, mahema ya matibabu yakapigwa, tukaambiwa maji ya ziwa tuyachemshe, na harufu ya dawa ikashika kila mahali, hata kwenye vikombe vya chai. Wengi walipelekwa kambini, lakini wengine walibaki mitaani wamejibanza kwenye mabanda ya uani, wakibeba mizigo, wakilima kwa posho ya siku, wakifua nguo za watu.

Wale nao walihitaji kuunga mboga. Vyombo visivyojulikana vikaanza kusimama barazani kwetu: chupa ya dawa ya kikohozi, kibuyu chenye ufa uliozibwa kwa nta, kifuniko cha sufuria isiyokuwepo. Mimi niliwajua watu kwa vyombo vyao, na yule ninayetaka kukwambia nilimjua kwa kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mwanamke mrefu, mtoto mchanga mgongoni, na mvulana mdogo ameshika pindo la kitenge chake.

Siku ya kwanza alisimama mbali akitazama tunavyofanya. Mbele ya kopo lake palikuwa na chupa ya mzee mmoja mnene, na mzee yule baada ya kupitisha mkono chini ya mkeka alijifuta jasho usoni, maana jua lilikuwa kali. Zamu ya mama wa kopo ikafika. Akapimiwa, akapata nyongeza, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya mkeka, kisha akautoa na kujipangusa uso kwa utaratibu, kuanzia paji mpaka kidevuni. Alidhani kujipangusa ni sehemu ya desturi.

Kivulini watu wakaangua kicheko. "Tazameni, huyo anajipaka mkeka!" alisema jirani yetu, mwenye kibanda cha chumvi na sabuni upande wa pili wa njia.

"Mwacheni mgeni apimiwe," bibi alisema, bila kuinua macho.

Kesho yake wageni wengine waliomfuata walimwona anavyofanya, nao wakafanya vilevile. Ikawa ndiyo alama: mwenyeji anapitisha mkono anaondoka, wa ng'ambo anapitisha mkono na kujipangusa uso. Hakuna aliyewasahihisha. Mpaka leo huenda kuna mahali ng'ambo ya ziwa mtu anasimulia kwamba Waujiji wakinunua mafuta hujipangusa uso kwa mkeka.

Siku moja mama wa kopo alibaki wenzake walipoondoka. Alimsukuma mvulana wake mbele.

"Mama," alimwambia bibi, "huyu mwana, jua ikiingia haone tena. Anapapasa ukuta. Muganga wa hema amesema nitafute mawese, nimupe kila siku."

Bibi alimshika mvulana kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama macho kwa muda mrefu. "Usiyakaange mpaka yakapoteza rangi," alisema. "Ugali ukishaiva, mtilie mabichi hivihivi. Kila siku, umenisikia mwanangu? Ukikosa, njoo. Usingoje kopo liishe kabisa."

"Murakoze, mama. Murakoze cane," alishukuru kwa lugha yao.

Baada ya siku hiyo, kila tukiamka tulikuta baraza imefagiliwa. Bibi alijua ni mama wa kopo, nami nilijua. Nilichukia kidogo, kwa sababu kufagia baraza ndiyo ilikuwa kazi yangu nyepesi, nikabakiwa na ya miiba.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kutuendea kombo, na ningependa uelewe kwamba hakukuwa na mtu mbaya. Ningefurahi sana kama angekuwepo, nimlaumu nipumue. Mikono mitupu ilizidi. Wenyeji nao walianza kuacha kusema "yangu weka chunguni", kwani kila nyumba ilikuwa imepokea mtu, na kila bei ilikuwa imepanda. Malori yakaanza kungoja barabarani na kununua mikungu kwa bei ambayo bibi hakuiweza, na mkulima anayejenga nyumba utamwambia nini? Walituletea mabaki, mikungu ya mwisho, yenye chikichi ndogo zisizo na nyama. Chungu kikaanza kushinda kikavu.

Bibi aliuza bangili zake. Akauza sufuria ya shaba aliyopewa siku ya harusi, ambayo nilikuwa nimeahidiwa mimi. Vijana wa kinu aliwaaga kwa aibu, akawapimia mafuta yao ya mwisho, tukaanza kutwanga wenyewe, yeye na mimi. Mchi ule ulikuwa unanizidi urefu. Tulikuwa tukimaliza kazi ile, bibi anakaa chini uani ameegemea pipa, hapepesi macho, na mimi naogopa kumwita.

Na tulikuwa tunakula bila mafuta, rafiki yangu. Jambo hilo ndilo lililonitia wazimu. Bibi alisema ya kuuza ni ya kuuza, na ya kula yalikuwa hayapo. Sombe yetu, kisamvu kile ambacho bila mawese ni majani ya kuchemsha tu, tuliila na chumvi pamoja na ugali wa muhogo. Nanuka mawese mwili mzima, nimevimba vidole kwa mawese, na kinywani mwangu hayapiti. Natazama kopo la yule mwanamke likijaa, na tumbo linanguruma mpaka naona aibu.

Jirani yetu alivuka njia asubuhi moja akaja kukaa na bibi. Alikuwa mtu mwema, usimwone kwa kile kicheko chake.

"Bi mkubwa, mimi nakuonea huruma," alisema. "Uondoe huo mkeka. Pokea mkononi kama sisi wengine. Mwenye nacho apimiwe, asiye nacho umsaidie siku ukiwa nacho. Hapa unawalisha wote, na wewe mwenyewe unazama na huyu mtoto."

Bibi aliendelea kukung'uta kikopo chake. "Nikipokea mkononi nitauona mkono mtupu," alisema. "Nikishauona, nifanye nini nao? Nimwambie mtu aondoke na kopo lake?"

"Utamwambia, ndiyo."

"Basi njoo umwambie wewe. Kesho njoo ukae hapa kwenye kigoda, mimi nikae kwako niuze chumvi."

Jirani aliinuka akarudi kibandani kwake. Hakuja kukaa kwenye kigoda, na hakuligusa tena jambo hilo. Mimi ndiye niliyeendelea nalo. Nilimfuata bibi jikoni, nikamwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake: kwamba anawapenda wageni kuliko mimi, kwamba akifa kwa kutwanga nitabaki na nani. Nilitegemea kofi. Aliniambia, "Hata mimi sijui mwisho wake, mama yangu. Kama unaujua niambie." Akaniita mama yangu, kama alivyoniita nikiwa na homa. Nilitamani angenipiga.

Kulikuwa na jambo moja tu la kutufariji. Jioni moja mvulana wa mama wa kopo alikuja mbio kutoka upande wa Rusimbi, jua likiwa limeshazama kabisa, akipita kandokando ya baraza yetu, na hakugusa ukuta. Alimruka kuku aliyelala. Alifika mbele yangu, akanionyesha doa kwenye sare yangu kwa kidole, akacheka. Nikamwambia bibi. Bibi aliweka chini alichokishika, akafunika uso kwa ushungi, na mabega yake yakatikisika.

Kisha gari la matangazo likapita mitaani, na sauti yake ikavuma kwenye kila uchochoro: wageni wote wanaoishi mjini wakusanyike kesho uwanjani na mizigo yao, wapelekwe kambini. Likarudia na kurudia mpaka mbwa wakalizoea wakaacha kubweka.

Siku hiyo bibi alikuwa na debe moja, lililotokana na mikungu ya mwisho tuliyoipata. Hapakuwa na nyingine iliyoahidiwa. Pipa lilikuwa limepoa, na sote wawili tulijua kwamba kilichomo kwenye debe kikipimwa vizuri na kulipwa, kutakuwa na kitu cha kuanzia tena, na kisipolipwa ndiyo basi. Nilimwambia. Jirani alimwambia kwa kutikisa kichwa tu, kutoka kwenye kibanda chake. Bibi alitandika mkeka, akaunyoosha pembe zote, akakaa kwenye kigoda.

Vyombo vilipangwa mpaka vikavuka baraza vikafika njiani. Watu waliokuwa wanasafiri kesho walitaka kuondoka na mafuta, na wenyeji nao walikuja, kwa sababu ilikuwa imeshajulikana kwamba debe hili ni la mwisho. Nami nilikuwa na hasira, hasira ya mtoto mwenye njaa. Nikaingia ndani, nikachukua bakuli letu la maua ya kuchorwa, lile tulilokuwa tukiwekea mawese ya kuungia mboga zamani, nikaenda kuliweka mwisho kabisa wa foleni. Nilitaka bibi alifikie, alitambue, aone haya. Hilo ndilo lililokuwa lengo langu.

Bibi alipima. Hakupunja mtu. Kipimo, nyongeza, ko, ko. Mikono ikapita chini ya mkeka mmoja baada ya mwingine, mingine ikaenda usoni, mingine ikaondoka. Siku nzima sikusikia mtu akisema yake iwekwe chunguni. Debe lilikuwa linainamishwa sasa, na kikopo kinakwaruza bati.

Mama wa kopo ndiye aliyekuwa wa mwisho kabla ya bakuli langu. Mtoto mgongoni, furushi kichwani, mvulana mkononi. Bibi alipindua debe, akasubiri mafuta yateremke taratibu, akajaza kopo. Kilichobaki debeni ni kijiko kimoja. Bibi alikichota, kikiwa kimejaa mpaka pembeni, akakipeleka kwenye kopo.

Yule mwanamke akaziba kopo kwa kiganja.

"Hapana, mama. Hii weka mu chungu."

Bibi aliacha kijiko hewani. "Unasafiri, mwanangu. Huko uendako hujui utakuta nini. Huyu mtoto ana macho yake."

"Weka mu chungu," alisema mwanamke, na hakuondoa kiganja. "Kuko mwingine nyuma yangu."

Bibi alitazama nyuma yake, akaliona bakuli la maua. Alilitambua, naliapia hilo. Hakunitazama mimi niliyesimama mlangoni. Alimimina kile kijiko chunguni, akagonga, ko, ko. Mwanamke akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya mkeka, akajipangusa uso kuanzia paji mpaka kidevuni. Mvulana akafanya kama mama yake. Wakaondoka kuelekea uwanjani, na mvulana akageuka mara moja kumtazama kuku wetu.

"Chombo kilichobaki," bibi aliita, kama alivyokuwa akiita kila siku.

Nilisogea. Bibi alisema bismillahi, akainamisha chungu juu ya bakuli langu, na kile kijiko kimoja cha mawese kikateremka, chekundu, kikafanya duara dogo kati ya maua. Kisha akachukua kijiko cha mti, kikavu, akaniongezea nyongeza isiyokuwepo, akakigonga kwenye mdomo wa bakuli. Ko, ko. Akasubiri. Nilielewa anasubiri nini.

Nikapiga magoti nikapitisha mkono chini ya mkeka. Nilikuwa sijawahi kuupitisha. Nilipapasa, nikatafuta, nikausukuma mkono mpaka kwenye bega, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Palikuwa na sakafu. Sakafu ya baridi, na vumbi kidogo, na si kingine. Wageni hawakuwa na kitu, na wenyeji wetu, watu wa misikiti na makanisa, watu tuliokuwa tukipelekeana vyakula siku za sikukuu, wote siku ile walipitisha mikono mitupu. Bibi alikuwa akinitazama. Sikujua la kufanya na mkono wangu, nikajipangusa uso.

Jioni ile bibi aliunga sombe kwa kile kijiko. Ilinoga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ilinoga kuliko chakula chochote nilichowahi kula, na niliramba bakuli.

Pipa halikuwashwa tena. Bibi alianza kuuza kuni, kisha miguu ikamkataa. Mama alikuja kunichukua Tabora, na bibi akafariki kabla sijapata kazi ya kumnunulia hata doti moja ya khanga. Nyumba iliuzwa kwa jirani, naye alitoa bei nzuri, hata tukamshukuru. Kijana aliyeniuzia chupa ni mjukuu wake. Mkeka nilisikia uliliwa na mchwa. Chungu hakuna anayejua kilikokwenda. Mama wa kopo sikumsikia tena, wala mvulana wake, ambaye sasa atakuwa mtu mzima mwenye mvi, kama aliendelea kuona, kama aliendelea kuishi. Nimewahi kuuliza watu waliofanya kazi kambini. Kwa jina gani? wananiuliza. Sina jina. Nina kopo la maziwa.

Na usidhani nimekuja kukwambia kwamba bibi alikuwa sahihi. Nimebishana naye miaka yote hii, kaburini aliko. Angepokea mkononi tungekula, pipa lingewaka, na huenda angeishi. Kisha namkumbuka mvulana akimruka kuku jioni, nampa ushindi. Kesho yake naanza upya kubishana.

Basi pale barazani nilifuta machozi, nikakata ule utepe kwa meno na kufungua kizibo. Harufu ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa yenyewe. Nikatafuta pa kumimina kijiko kimoja. Pale kwenye ukuta palipokuwa na chungu pamebandikwa vigae mpaka chini, vinang'aa. Nikageuka nyuma, kama mjinga, nione kama kuna chombo kimepangwa baada yangu. Hapakuwa na kitu. Nikafunga kizibo, nikaondoka na mafuta yangu yote.